UZI: Lijue ziwa lako kabla hujatoboa barafu

Mtoboa_Barafu (St. Paul, Minnesota)

Wakuu, salaam.

Kila barafu ikianza kushika, maswali ni yale yale. "Samaki wako ziwa gani?" "Nani ana kijiwe kizuri?" Mtu anatajiwa ziwa, anaendesha gari saa mbili, anakuta mahema yamesongamana, anatoboa tundu lake pembeni ya hema la mwenzake, anakaa hadi giza na kurudi na ndoo tupu. Wiki inayofuata anatajiwa ziwa jingine. Anayefaidika hapo ni mwenye kituo cha mafuta.

Mimi nasema hivi: chagua ziwa moja, dogo, karibu na unapoishi, ulifuatilie mwaka mzima. Samaki chini ya barafu hawahamihami ovyo. Wanafuata chakula na oksijeni, na vyote viwili vinategemea umbo la ziwa lenyewe. Ukilijua umbo, kila tundu unalotoboa lina sababu yake.

Mfano wangu ni Phalen, hapa mashariki mwa St. Paul, kwa sababu ndilo ninalolifikia kwa miguu. Ni karibu ekari 200 tu, lakini shimo lake kubwa linapita futi 90 kwenda chini. Maji yanaingia kutokea kaskazini, kwenye mnyororo wa maziwa ya Kohlman, Gervais na Keller. Samaki waliomo ni blugili na krapi (wale bapa, watamu wa kukaanga), perchi wenye mistari, paiki mrefu mwenye meno, na wolai, ambaye idara ya maliasili ya jimbo, DNR, humpandikiza.

Anza na ramani. DNR ina ukurasa unaoitwa LakeFinder. Andika jina la ziwa utapata ramani ya kina, matokeo ya nyavu za utafiti, kumbukumbu za samaki waliopandikizwa, na uangavu wa maji. Yote bure. Wengi wanatazama kama wolai wapo, wanafunga. Hebu soma mpaka kwenye urefu wa samaki. Kama nyavu zimejaa blugili na karibu wote ni vidogo, jua hapo hutapata wa kujaza sahani hata ukae na keekee mpya ya betri. Tafuta ziwa lenye samaki wachache kidogo lakini walionenepa.

Kwenye ramani, mistari ya kina ikibanana ujue kuna mteremko mkali. Ikiachana ni tambarare. Mimi natia alama mahali pa aina hizi: rasi ya nchi kavu inayoendelea chini ya maji, kilima kilichozama ambacho kichwa chake hakifiki juu, shimo dogo ndani ya ghuba, na shingo inayounganisha mashimo mawili. Pembe ya ndani, yaani pale mteremko unapojikunja kuelekea ufukoni, wengi wanairuka, na wolai wanaipenda sana jioni.

Ramani nyingi zilichorwa zamani kwa vipimo vilivyoachana. Kwa hiyo inakuonyesha pa kuanzia. Kazi iliyobaki ni yako.

Kiangazi na vuli. Hapa ndipo ziwa linapojulikana, na ndipo wavuvi wa barafu wengi wako nyumbani. Zunguka ufuko kwa miguu. Nchi kavu ikiteremka kwa ukali hadi majini, mara nyingi inaendelea hivyo hivyo chini. Ukipata mtumbwi wa kukodi, beba kamba yenye chubwi zito na mafundo kila futi tano, pima kina, na tazama chubwi limepanda na nini: tope jeusi, mchanga, changarawe au magugu maji. Tope laini ndiko wanakoishi viluwiluwi wekundu (mabuu ya vijidudu wanaofanana na mbu) na wadudu wengine ambao perchi na blugili wanakula majira yote ya baridi. Changarawe ni ya wolai.

Mwezi wa kumi rudi uangalie magugu. Mengi yatakuwa yameanguka na kuwa kahawia. Yale yaliyobaki wima na ya kijani yaandike mahali yalipo, kwa kutumia alama za nchi kavu au ramani ya simu. Hayo ndiyo yatakuwa soko la Desemba.

Mwanzo wa barafu. Hapa kwenye Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, maziwa madogo kwa kawaida hushika mwanzoni au katikati ya Desemba. Magugu ya kijani bado yanatoa oksijeni, wadudu na visamaki wamejificha humo, na wakubwa wanawafuata. Blugili na perchi utawakuta futi sita hadi kumi na mbili. Paiki wanapita nje ya ukingo wa magugu kutwa nzima. Wolai, ambaye macho yake yanaona vizuri kwenye mwanga hafifu, anapanda ukingoni jua likizama, na jua la Desemba hapa linazama kama saa kumi na nusu. Ukifungasha saa kumi kwa sababu ya baridi, umeondoka wakati anafika.

Katikati ya baridi. Theluji inaziba mwanga. Magugu yanakufa, yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Sehemu za kina kifupi zinakuwa jangwa, na samaki wanahamia mashimoni. Krapi wanaelea katikati ya maji juu ya shimo la futi 25 hadi 35, hawako chini na hawako juu. Waliokulia Kigoma wanajua dagaa hupanda usiku kufuata vijidudu vya majini, ndiyo maana karabai hufanya kazi. Krapi naye ni hivyo hivyo: vijidudu vinapanda jua likizama, naye anapanda navyo. Kama saa tisa alasiri ulimwona futi 24, saa kumi na moja mtafute futi 15.

Shimo la Phalen la futi 90 liache. Watu wanadhani kina kirefu ndiko kwenye samaki wakubwa. Samaki unayemvuta kutoka zaidi ya futi 30 mfuko wake wa hewa unapanuka, macho yanatoka, na ukimrudisha majini mara nyingi anakufa. Ukivua kina hicho, vua wa kula, na ukipata wa kukutosha acha.

Mwisho wa barafu. Machi theluji inayeyuka, mwanga unarudi, maji mapya yenye oksijeni yanaingia kwa vijito na nyufa. Blugili na krapi wanarudi kwenye ghuba zile zile za Desemba, hasa zinazotazama kusini. Ni wakati mtamu kuliko wote na wa hatari kuliko wote.

Ukiwa juu ya barafu, usitoboe tundu moja ukakaa. Toboa mstari, kutoka kina kifupi kwenda kirefu, ukivuka mteremko. Maliza kelele zote kwanza, halafu rudi tundu moja moja. Dakika kumi bila dalili, hama. Na kila samaki utakayempasua, fungua tumbo lake uone alikula nini. Viluwiluwi wekundu maana yake alikuwa juu ya tope. Visamaki maana yake alikuwa anawinda ukingoni. Hakuna muuza duka la chambo atakayekupa habari hiyo.

Naomba michango. Waliozoea maziwa mengine waseme.

---

NyarHomaBay (Brooklyn Park)

Asante sana kwa hii maelezo, mimi ni mtu wa kuvua omena na mbuta huko nyumbani, hii barafu bado inanisumbua akili. Swali: kila mtu naona ako na ile mashine ya kuonyesha samaki. Bei yake imenishtua. Lazima niwe nayo?

---

Mtoboa_Barafu

Dada, si lazima, hasa msimu wa kwanza. Sona inakupa kina, aina ya chini (tope linarudisha mwangwi dhaifu, mwamba unarudisha mkali), na samaki akikaribia chambo unamwona. Sona za Vexilar, zile za sahani ya duara, wazee wa hapa wanazipenda kwa sababu hazikawii. Ukitikisa chambo unakiona papo hapo.

Bila mashine, nunua chubwi lenye kibanio. Libane kwenye ndoana, lishushe mpaka liguse chini, weka alama kwenye mshipi, toa chubwi. Sasa unajua kina sawasawa, unavua futi moja juu ya tope kwa blugili. Kwa krapi anza katikati, panda futi mbili mbili hadi aguse. Ni polepole lakini linakufundisha ziwa.

Ukija kununua mashine: barafu ikiwa safi isiyo na theluji wala mapovu ndani yake, huhitaji kutoboa ili kupima. Fagia theluji, mwaga maji kidogo, weka kihisio juu ya hayo maji, kitasoma kina kupitia barafu. Unaweza kupima ghuba nzima kabla hujawasha keekee.

---

Kidume_wa_Mille_Lacs

Mkuu hongera kwa maandishi marefu, lakini hayo madimbwi ya mjini ni ya kufundishia watoto. Mvuvi anaenda Mille Lacs. Ekari zaidi ya 130,000, barabara juu ya barafu zimeshaondolewa theluji, unalipa njia, unaendesha mpaka kwenye kibanda, wolai wapo. Kujifunza nini tena?

---

Mtoboa_Barafu

Karibu mkuu, nilikuwa nakungoja. Mille Lacs nalipenda. Lakini hebu angalia: ziwa lile kubwa lote halivuki futi 42 au karibu na hapo. Ukubwa wote huo na kina kidogo namna hiyo. Ndiyo maana tofauti ndogo chini inabeba uzito mkubwa. Nusu ya kaskazini kuna yale matambarare ya tope yaliyoinuka, na kingo zake ndiko wolai na perchi wanapita. Kusini kuna miamba na changarawe. Anayekupeleka kwenye kibanda anajua ukingo wa tope uko wapi. Wewe umelipia ujuzi wake. Siku asipokuwepo utasimama juu ya ekari 130,000 huna pa kuanzia.

Na samaki wa pale wana mkataba. Mille Lacs Band ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa pale, wana haki ya kuvua kwa mkataba wa 1837, Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha 1999, na jimbo na makabila wanapanga pamoja kiasi cha wolai kinachoweza kutolewa. Kwa hiyo kanuni za wolai pale zinabadilika msimu hadi msimu. Usiende na kumbukumbu za miaka mitatu iliyopita.

---

Kidume_wa_Mille_Lacs

Hapo kwenye kingo za tope sina ubishi. Nimeona vibanda viwili vimeachana hatua hamsini, kimoja kinatoa samaki kingine wanacheza karata.

---

Bandugu_wa_Uvira (Lewiston, Maine)

Jambo bandugu. Mimi nilikulia Uvira, sasa niko Maine. Nakazia maneno ya mwanzisha uzi lakini niongeze moja: si kila ziwa linashika barafu wakati mmoja. Huku tuko na Sebago, kina chake ni futi 316. Maji mengi namna ile yanachukua muda mrefu kupoa. Vijiziwa vya jirani watu wako wanavua, kumbe Sebago katikati ni maji matupu, na miaka mingine ile sehemu kubwa ya wazi haigandi kabisa. Ghuba zake zinaganda, katikati hapana. Mgeni anaona jirani yake amesimama juu ya barafu ya ziwa dogo, anafikiri hata lile kubwa liko tayari.

Tena upepo. Ziwa kubwa upepo unavunja barafu changa usiku, asubuhi inaganda upya na vipande vimepandana. Unene unabadilika kila hatua.

Huku sheria ya Maine inaruhusu mishipi mitano kwa mtu mmoja kwenye barafu, ndiyo sababu sisi tunatumia sana vibendera: unatega, samaki akivuta bendera inasimama. Hii inasaidia sana kujifunza ziwa. Tega vitano kwenye kina tofauti, futi 5, 10, 15, 20, 30. Bendera zenyewe zitakuonyesha.

---

Mtoboa_Barafu

Nondo hizi. Minnesota tunaruhusiwa mishipi miwili tu kwenye barafu, kwa hiyo sisi lazima tutembee zaidi. Kibendera kimoja na fimbo moja ya mkononi ndiyo mtindo wangu: kibendera chenye kisamaki hai ukingoni mwa magugu kwa ajili ya paiki, mimi na jigi (ndoana yenye kichwa kizito) ndogo ya tungsteni upande wa shimoni.

Kuhusu Sebago umegusa jambo la msingi. Maji ni mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi. Vuli ziwa linapoa kuanzia juu, maji yaliyopoa yanazama, ya chini yanapanda, mpaka ziwa zima likaribie nyuzi 4. Baada ya hapo maji yanayozidi kupoa ni mepesi, yanabaki juu na kuganda. Ziwa la futi 15 linamaliza kazi hiyo upesi. La futi 300 linahitaji wiki nyingi.

---

MzeeWaKigamboni (Dar es Salaam)

Nasoma huku feni iko namba tatu. Yaani watu wazima na akili zenu mnatembea juu ya maji, mnatoboa sakafu mliyosimamia, halafu mnakaa pembeni ya tundu. Na samaki huko chini hawagandi?

---

Mtoboa_Barafu

Mzee shikamoo. Hawagandi, kwa sababu hiyo hiyo ya nyuzi 4. Maji ya joto kidogo yako chini, ya baridi kabisa yako juu yakigusana na barafu, na barafu yenyewe pamoja na theluji vinazuia baridi isishuke. Ila miili yao inakwenda polepole, hawakimbizi chambo. Ndiyo maana chambo chetu ni kidogo na hakitikiswi sana.

Kinachowaua ni kukosa pumzi. Ziwa la kina kifupi likifunikwa na theluji nzito muda mrefu, oksijeni inaisha, masika unakuta samaki wameelea. Ndiyo maana baadhi ya maziwa yana mashine za kusukuma hewa, na hapo huwekwa vibao vya onyo kwa sababu barafu karibu na mapovu ni nyembamba au haipo. Ukiona kibao hicho ufukoni usikitafsiri upya.

---

MamaZawadi (Minneapolis)

Wapendwa, mmeongea samaki tu. Mimi ni nesi, na mume wangu ni mgonjwa wa hii michezo, kwa hiyo niseme.

Namba za DNR: inchi 4 za barafu mpya, safi, ngumu kwa mtu anayetembea. Inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji. Gari dogo inchi 9 hadi 10, na pikapu ya kawaida inchi 13. Barafu nyeupe, ile yenye theluji iliyoganda ndani yake, nguvu yake ni karibu nusu, kwa hiyo unene uwe mara mbili. Na hakuna barafu salama asilimia mia, wao wenyewe wanasema.

Kulijua ziwa ni pamoja na kujua pabaya pake. Chini ya madaraja, midomo ya vijito, mabomba ya maji ya mvua ya mtaani, chemchemi, shingo zenye mkondo, mahali bata bukini walipokaa wakazuia maji yasigande. Phalen ule upande wa kaskazini maji yanakoingia, mume wangu haruhusiwi hata kukaribia.

Beba mtaimbo wa kugonga mbele yako kila hatua chache. Ukipenya kwa pigo moja, geuka kwa njia uliyojia. Vaa jaketi la kuelea ndani au nje ya koti. Vining'inize shingoni vile vishikizo viwili vyenye ncha za msumari. Ukizama: dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu, maana mwili unahema kwa mshtuko na unaweza kumeza maji. Una kama dakika kumi ambazo mikono bado inakutii. Geukia ulikotoka, chomeka ncha, piga miguu kama unaogelea hadi ulale kifudifudi, halafu jiviringishe, usisimame. Fahamu inaweza kudumu kama saa moja, kwa hiyo usikate tamaa, na wenzako wakurushie kamba badala ya kukukaribia.

---

Kijana_Mpya_MN

Shkamoo mama. Nina swali labda la kijinga. Tumenunua hema la watu wanne. Tunaweza kubeba jiko la mkaa tuchome nyama humo humo na kupata joto?

---

MamaZawadi

Marahaba mwanangu, na HAPANA kwa herufi kubwa. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, unasinzia na huamki. Mahema haya yanabana kuliko unavyodhani, na theluji mnayoirundika pembeni inayabana zaidi. Nyama chomeni nje. Ndani tumieni hita ya gesi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, matundu ya hewa ya hema yawe wazi juu na chini, na kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri. Kichwa kikianza kuuma, wote tokeni nje kwanza, mjadala baadaye.

Na kuhusu kula: wizara ya afya ya Minnesota ina mwongozo wa kula samaki, ziwa kwa ziwa. Zebaki hujilimbikiza zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama paiki na wolai wakubwa. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wafuate mwongozo wao, ni mkali zaidi. Blugili wadogo kwa kawaida ndio wenye unafuu.

---

NyarHomaBay

Mama asante, hiyo ya mtaimbo nimeandika. Sasa chambo. Kule dukani nimeona visamaki hai, minyoo, na funza weupe. Nianze na gani? Na nikimaliza kuvua, vile visamaki vilivyobaki niviachilie kwa ziwa si ni vizuri?

---

Mtoboa_Barafu

Anza na funza weupe, mmoja au wawili kwenye jigi ndogo kabisa. Blugili, perchi na krapi wote wanakula. Krapi akigoma, mpe kisamaki kidogo futi moja au mbili juu ya pale unapomwona, kwa sababu anatazama juu na hupanda kula. Ni mara chache anashuka. Mdomo wake ni laini, unachanika, kwa hiyo usimvute kwa hasira.

Visamaki kuachilia ziwani ni kosa kisheria hapa. Vilivyobaki vinatupwa kwenye takataka, na maji ya ziwa hayasafirishwi: unamwaga kabla ya kuondoka, na kama unataka kubaki na chambo unabadilisha maji kwa uliyotoka nayo nyumbani. Ni kwa ajili ya viumbe vamizi kama kome pundamilia, ambao wameshaingia Mille Lacs, Minnetonka na kwingine kwingi. Na hawa wanabadilisha uvuvi pia. Kome wanachuja maji, yanakuwa maangavu mno, magugu yanaota kina kirefu zaidi, na wolai anayechukia mwanga anahama au anakula usiku. Mtu mwenye ramani ya samaki ya miaka kumi na mitano iliyopita kwenye ziwa kama hilo anavua ziwa ambalo halipo tena.

---

Bandugu_wa_Uvira

Kweli kabisa. Mimi nauliza kitu kimoja: unaandika wapi haya yote? Mimi nategemea kichwa na kichwa kinanidanganya.

---

Mtoboa_Barafu

Daftari dogo la kawaida na penseli. Kalamu ya wino inaganda. Naandika tarehe, saa aliyouma wa kwanza na wa mwisho, kina cha tundu, kina alichouma, chini kulikuwa na nini, kimo cha theluji juu ya barafu, na tumboni alikuwa na nini. Siku mbaya naziandika pia, tena hizo ndizo zenye faida. Ukikuta ukingo fulani umekunyima kutwa nzima mwezi wa pili, lakini mwezi wa kumi na mbili ulitoa, umeshajua magugu ya pale yanakufa lini.

Kimo cha theluji wengi hawaandiki. Kiandike. Sehemu ambayo upepo umefagia theluji inapata mwanga, na magugu ya chini yake yanaishi wiki kadhaa zaidi. Mwezi wa kwanza natafuta mabaka hayo meusi kwa macho kabla ya kitu kingine chochote.

---

Kidume_wa_Mille_Lacs

Nimefungua LakeFinder, nimetafuta kijiziwa kilicho nyuma ya kazini kwangu. Kipo. Futi 38 kwenye shimo, krapi wapo. Tatizo utafiti wa mwisho wa samaki ni wa zamani sana. Niamini nini?

---

Mtoboa_Barafu

Ziwa moja lina matabaka mawili ya habari. Umbo la chini halibadiliki haraka, kwa hiyo mistari ya kina itumie. Hesabu ya samaki ichukulie kama historia: krapi hasa wanapanda na kushuka, mwaka mmoja mayai yanafanikiwa, miaka miwili mitatu hakuna, kwa hiyo unaweza kukuta wote ni rika moja.

Nenda Jumamosi mchana na keekee na chubwi tu, fimbo iache garini. Toboa kutoka ukingo wa futi 12 hadi shimoni, tundu kila hatua kumi na tano, andika kina na unachokiona chini. Rudi Jumapili saa tisa na chambo, anzia pale tope linapoanza chini ya mteremko. Ukimkuta krapi, pima urefu wake utuwekee hapa, tulinganishe na wa ule utafiti.